Sisi Huku Wazima

Ilembo, Mpanda
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Deogratias,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta hapo Tunduma ukiwa na nguvu zako, na kwamba kile kifua kilichokusumbua siku ya mazishi ya mama kimetulia. Wifi hajambo? Na watoto, bado wanakataa dagaa kama watoto wa waziri? Baba nilimwona juzi nyumbani Kasansa. Anakula kidogo, analala kidogo, na kila jioni bado anatoa viti viwili uani. Kile cha pili hataki mtu akikalie. Kuhusu mimi, niache kwanza.

Utashangaa naandika wakati simu ninayo. Nimekupigia, kaka, na kila ukipokea nauliza habari za mvua, kisha nasingizia mtandao na kukata. Barua nimempa Doto, kondakta wa basi, ameapa kukukabidhi mkononi.

Kazi yangu hapa kwenye ofisi ya pampu za visima unaijua nusu tu. Zamani nilikuwa nasoma mwenyewe ujumbe wa simu unaotumwa na wanakijiji, nikijua kisima gani kimeharibika namwita fundi. Mwaka huu Bwana Simon, mkuu wetu, alileta programu ya kuorodhesha matatizo. Kila ujumbe unaingia humo na kupewa namba. Ukiandika amri, programu inakupangia yote ambayo hayajashughulikiwa, kila moja kwa sentensi yake ya kwanza. Kisha akatuambia orodha hiyo haitasomwa na mtu tena. Itasomwa na mawakala wa akili mnemba, yaani programu nyingine zinazofanya kazi zenyewe: zinapitia orodha, zinawajibu watu, zinawapangia mafundi safari. Ila haziwezi kuitumia bila kuandikiwa mwongozo, na wa kuuandika nikawa mimi, kwa sababu ndimi niliyewazoea watu wetu.

Kichwa kilinivimba, sikufichi. Niliandika jinsi ya kufungua orodha, jinsi ya kuchagua kata, jinsi ya kufunga taarifa iliyokwisha. Bwana Simon akasema nifupishe, maana mawakala wakisoma kila ujumbe mzima kazi itakuwa nzito. Nikaujaribu mwongozo kwa ujumbe wa watu wa mjini, wa Misunkumilo na hapa Ilembo, ambao huandika tu kuwa pampu mbovu, njooni. Ulifanya kazi vizuri mno, ofisi nzima ikanipigia makofi. Nilitamani mama angekuwa pale ofisini aone.

Unakumbuka alivyotufundisha kumwandikia shangazi? Alisema humtupii mtu shida mlangoni. Unamsalimu, unamwambia nyie hamjambo, unampa pole ya kazi, ndipo unautua mzigo. Nikiruka salamu alinirudisha kuandika upya, na wewe ulikuwa unacheka.

Siku ya mazishi ulisimama ukauliza ni nani ofisini kwetu aliyepata ujumbe wa mama kuhusu kisima akanyamaza, mpaka wanawake wakarudi kuchota mtoni kwenye mamba. Mama Lyamba, jirani yetu, akakuambia mama hakunyamaziwa, alijibiwa vizuri sana. Ukasema basi huyo aliyejibu bila kuja ana moyo wa jiwe, na asikanyage kwetu. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika sinia la wali. Niliinama, watu wakadhani ni uchungu wa msiba tu.

Mficha uchi hazai, kaka. Huu ndio ujumbe wa mama, nimeutafuta nikausoma: “Sisi huku wazima kabisa, tunamshukuru Mungu. Poleni na kazi wanangu. Mvua imechelewa kidogo ila mahindi yanavumilia. Pampu yetu haitoi maji, tunachota mtoni na mamba wapo. Tunaomba mje.”

Wakala alichukua sentensi ya kwanza. Mwongozo wangu ulimwambia kwamba hiyo inatosha, na ikionyesha watu ni wazima, ashukuru na kufunga taarifa. Akafanya hivyo hivyo, kwa maneno niliyoyatunga mimi: “Asante ndugu yetu, tumefurahi kusikia mko salama. Mungu azidi kuwafunika.” Hilo la kufunikwa unajua ni langu, ndilo nililokuwa namalizia nalo kila nikiongea na mama. Alijua ni mimi. Mama Lyamba anasema aliizungusha simu pale kisimani akiwaambia wenzake kwamba binti yake amejibu, kwa hiyo wasiwasumbue ofisini kwa kupiga tena. Wakaacha kupiga. Asubuhi ile mamba alipomkamata mtoni na ndoo yake, mama alikuwa bado ananisubiri mimi.

Bwana Simon alipojua alitaka tutangaze redioni kwamba watu waache salamu, waanze na tatizo. Nilimkatalia, na sijawahi kumkatalia. Nimeuandika mwongozo upya: kila ujumbe usomwe mpaka neno la mwisho, kwa kuwa watu wa huku husema maumivu baada ya salamu. Pampu ya Kasansa imetengenezwa. Juzi nilichota pale, nikashindwa kunywa.

Misa ya arobaini inakaribia. Ukisema nisifike, nitabaki hapa Ilembo, na baba nitamweleza sababu kwa mdomo wangu. Ukisema nije, nitakaa chini na wanawake wengine. Mlaumu yeyote, kaka, ila usimlaumu mama kwa kuanza na salamu.

Msalimie sana wifi, uwapakate watoto kwa niaba yangu. Asante kwa kunisoma mpaka hapa. Mama hakulipata hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Eufrazia