Afisa wa Kodi Aliyebeba Cherahani ya Baba

Jumatano, Mishomoroni. Mvua haijakatika tangu alfajiri, nguo nilizoanika jana bado mbichi. Nami moyo wangu hauna raha.

Wiki iliyopita, nikiwa kazini, mtu mmoja alikuja dukani kwa Baba. Baba ni fundi wa kanzu, na kiduka chake kiko mbele ya nyumba yetu. Mtu huyo alikuwa amevaa tai, akajitambulisha kuwa afisa wa kodi. Huu ndio mwezi wa kupeleka hesabu za kodi, na kila mwenye biashara ana wasiwasi, kwa hivyo Baba hakushangaa. Aliambiwa jina lake limo miongoni mwa wasiolipa, na cherahani yake itazuiliwa ofisini mpaka mambo yake yanyooke.

Baba hakumwuliza kitambulisho. Alimpa maji ya kunywa, akamwita "mwanangu". Kisha akamsaidia kuipakia cherahani kwenye pikapu aliyokuja nayo.

Akamsaidia!

Cherahani ile aliinunua na marehemu Mama mwaka waliooana. Mama ndiye aliyekuwa akiitia mafuta, hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alipofariki, Baba alirudi kushona mara tu matanga yalipoisha. Alisema akiwa pale hahisi upweke.

Leo nimeomba ruhusa kazini, tukavuka daraja kwenda mjini, ofisi ya kodi. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Mwanamke aliyetupokea alimwamkia shikamoo, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mzee wangu, huyo si mtu wetu. Sisi hatumwingilii mtu dukani tukabeba mali yake hivi hivi. Ukidaiwa utaandikiwa, utaitwa. Akija mtu na vitisho, usimpe kitu. Mwambie utakuja hapa mwenyewe uulize."

Baba aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, binti yangu. Basi cherahani yangu mmeiweka chumba gani?"

Niligeuka nikatazama ukuta.

Tulipitia polisi, wakaandika maelezo yetu. Njiani Baba aliniomba niwaambie majirani kwamba cherahani imeharibika, iko kwa fundi.

"Wallahi sitaki kuchekwa uzeeni."

Nikamwambia, "Baba, tukinyamaza, atakwenda kwa mwengine."

Tulipofika Kongowea alitaka tushuke. Akanipeleka kwa Mwanahamisi, mshonaji wa magauni, ambaye alijifunza kazi mikononi mwa Baba. Tulimkuta amekaa mkekani, anashona gauni kwa mkono. Baba alimweleza yote bila kuficha neno.

Mwanahamisi akajifunika uso kwa leso.

"Kwangu alikuja mwanzo, Baba. Yangu pia ameichukua. Nikaona haya kusema."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumwambia kwamba kama angefungua kinywa, Baba angekuwa na cherahani yake hivi sasa. Maneno yalikuwa yashafika ulimini. Baba akanitangulia.

"Pole, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nataka kunyamaza."

Akaketi kando yake kwenye mkeka. Niliwaona wawili wale, mwalimu na mwanafunzi wake, wote mikono mitupu, nikatoka nje nikalie mvuani ambako hakuna wa kuniona.

Sidhani kama tutaiona tena. Huyo mtu aliwachagua kwa sababu ni waungwana, kwa sababu wanamheshimu mtu wa serikali. Nimfundishe Baba kutoamini watu? Kwa umri huu?

Chakula cha usiku Baba amekigusa tu. Alipokuwa akiingia chumbani kwake alisimama mlangoni, akasema kesho twende Junda, tukawatahadharishe mafundi wa kule. Nikamwomba apumzike, mimi nitawaeleza kwa niaba yake.

"La," akasema. "Nitasema mwenyewe. Wakinicheka, wacha wacheke."