Ndege Inayosubiri Jicho la Pili

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na Wifi na watoto. Hamjambo nyote? Sisi huku ni wazima, ukiondoa mafua ya Mama Mdogo, ambayo yeye anayaita homa ya mapafu ili tumhurumie, na mgongo wangu ulioanza kupinda kwa kuifuata cherehani. Kifua chako kimepoa? Wifi ameizoea ile kazi mpya? Na kitindamimba bado anakataa kuvaa viatu? Ukijibu, jibu yote, usiruke maswali yangu kama ulivyozoea.

Barua zako huwa nazisoma kwa sauti, Mama Mdogo akiwa amejilaza na Baba Mdogo kwenye kiti chake karibu na dirisha. Unamuulizia kila mtu, hata cherehani yangu unaiulizia, isipokuwa Baba Mdogo. Miaka yote nimekuwa nikimbandikia salamu za uongo mwishoni. Juzi aliniambia niache, maana salamu zako huwa fupi na zangu huwa ndefu.

Basi leo nakuandikia habari zake yeye, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ikikukera.

Macho yake yanakwisha. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limeshazima, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba dawa inachelewesha tu, na kwamba mwaka huu usipolimaliza, ujao utalimaliza. Nililia njia nzima tukirudi. Yeye ndiye aliyenishika mkono, akinionya nisijikwae.

Unalikumbuka kabati lake la ndege za kuunganisha, zile za plastiki zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi lenye picha. Siku hizi limejaa, na nyingine ziko chini ya kitanda, jambo ambalo Mama Mdogo hulipigia kelele kila anapotafuta kandambili zake. Zote ni za zamani, na zote alizipata kwa bei ya kutupa, kwenye duka linalofungwa, kwa mtu anayehama, kwa mjane anayesafisha chumba cha marehemu. Hajafungua hata moja. Kwa watu wa mchezo huu, nailoni ya boksi ikishachanwa, thamani imeruka.

Aina moja tu haimo. Ni ile ya mizigo yenye injini mbili, aliyoihudumia pale karakana ya uwanja wa ndege, ile iliyoondoka na Baba yetu. Watu hudhani hakuwahi kuipata. Mimi nilikuwa naye siku alipoikuta sokoni, imefungwa vizuri, karibu na bure. Aliishika, akaitazama, akairudisha taratibu, tukaenda nyumbani bila kununua kitu.

Tulipotoka kwa daktari siku ile, kabla hata hajavua viatu, aliniita kwa jina. "Sindano," akasema, "nitafutie ile ya injini mbili. Nataka niijenge, si kuiweka."

Kaka, nimeitafuta ndege hiyo mpaka nimejulikana. Wauza vifaa vya watoto walinicheka, eti mtu mzima na midoli. Kwenye simu niliziona, lakini zilikuwa za wakusanyaji wenye pesa zao, boksi halijaguswa, na bei yake ningeuza cherehani na meza yake na bado nisifike. Nilianza kukata tamaa. Kisha mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye huniletea suruali zake nizipunguze kiuno kila mkewe anapobadili mapishi, aliniambia kuna duka la vifaa vya shule linafungwa, na mwenyewe anauza mpaka rafu.

Nilikwenda na mafunzo yote ya Baba Mdogo kichwani. Usiulizie unachokitaka, ulizia cha jirani yake. Litikise boksi sikioni: vipande vikisogea kwa pamoja, bado vimeshikana kwenye fremu zake za plastiki, vikilia kimoja kimoja, vimekatika na vingine havipo. Usimwonyeshe muuzaji meno. Mle stoo niliiona mara moja, chini ya benchi, boksi limeliwa na unyevu na kifuniko kimepasuka upande mzima. Nikanyanyua meli ya plastiki iliyokuwa juu na kuanza kuisifia.

Mwenye duka, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kiparani, aliniangalia kwa huruma. "Mama, mkono umeshika meli lakini macho yako chini ya benchi. Inama uichukue." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama na gauni langu la kutokea. Aliniuzia kwa bei ya daftari, kwa kuwa boksi lililochanika halina mkusanyaji. Nililitikisa sikioni, kila kitu kilisogea pamoja.

Sasa sikia ujinga wangu. Niliona aibu kumpelekea mzee kitu kilichochakaa vile. Nikaligundisha boksi, nikalinyoosha, nikalivika nailoni mpya na kuipitishia pasi yangu ya moto kidogo mpaka ikakaza kama ya kiwandani. Nilijisifu kweli. Baba Mdogo akalipokea, akalipapasa pembe zote nne, uso wake ukabadilika. Akainuka, akalifungia kabatini pamoja na mengine. Boksi lenye nailoni yake halifunguliwi! Nilikaa pale na gundi yangu mpya na kibano changu kama bibi harusi aliyeachwa. Ilibidi nikiri kwamba nailoni ni ya kwangu na pasi ni ya kwangu, na Mama Mdogo alicheka mpaka homa yake ya mapafu ikapona.

Tukaanza kujenga. Tulifanya kazi kila mchana baada ya mimi kumaliza nguo za watu, mezani pale pale tunapokulia. Mimi nilikata vipande kutoka kwenye fremu na kuvipiga msasa, yeye akavipokea. Hakuhitaji karatasi ya maelekezo. Alikishika kipande kati ya vidole viwili na kukitaja kabla sijamaliza kusoma namba yake: mlango wa mizigo, mguu wa mbele, kifuniko cha injini ya kushoto. Nimeishi naye tangu tulipofiwa, Kaka, na sikuwahi kumwona akiwa kazini. Alikuwa mtu mwingine.

Tulipofika mkiani, mikono yake ilisimama. Alikuwa ameshika kile kibao cha nyuma kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Nilidhani amechoka. Akaniambia niketi, akanieleza siku ile ambayo wewe na mimi tumeijua kwa kuisikia tu.

Ni kweli ndiye aliyeifunga. Alikuwa amebadilisha waya wa usukani wa kibao kile asubuhi hiyo. Lakini karakanani kuna sheria, na huenda Baba aliwahi kukutajia wewe mkubwa: sehemu inayoongoza ndege, aliyeifunga haruhusiwi kuikagua. Lazima fundi mwingine aje na macho yake mapya, aipitie yote, ndipo iruke. Wanaliita jicho la pili. Siku hiyo jicho la pili alikuwa Baba yetu. Alikagua, akaridhika, akapanda kama fundi wa safari. Haikufika mbali, ikaanguka, ikaungua, na wachunguzi wakaondoka bila kujua chanzo. Wao aliwaambia nani alikagua, kwa kuwa ni kazi yao kujua. Sisi hakutuambia.

Unakumbuka ulichomwambia siku ya mazishi, mbele ya watu wote. "Wewe ndiye uliyeifunga." Sikulaumu, ulikuwa kijana na umefiwa na baba. Ila nilimuuliza kwa nini hakukujibu, siku ile wala baadaye, hata ulipobeba sanduku lako na kuondoka bila kumuaga. Akasema, "Ningejibu nini? Kwamba ndugu yangu ndiye aliyekagua? Marehemu hajitetei."

Nikamuuliza kama kosa lilikuwa kwenye ule waya. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mpaka leo sijui."

Kaka, nilimwonea uchungu ambao siwezi kuuandika. Amekula lawama zako miaka yote hii ili Baba yako abaki safi machoni pako. Mimi sisemi nani alikosea, na yeye hasemi. Nasema tu kwamba umemchukia mtu ambaye alikuwa akikulindia baba yako.

Ndege imekwisha. Iko mezani, tunakula tumeizunguka, na Mama Mdogo ameshahamisha chumvi kwa ajili yake. Jana niliinyanyua niipeleke kabatini, Baba Mdogo akanishika mkono. Nikamwambia nimeiangalia yote, haina kasoro. Akasema mimi siwezi kuikagua, nimeijenga naye. Mikono yangu na yake ni mikono ile ile. Mama Mdogo naye akajitolea, akaambiwa hajui bawa wala bega. Nikamuuliza basi nani. Akageuzia uso dirishani.

"Mkaguzi wake yuko mbali," akasema. "Itamsubiri hapo hapo."

Najua kazi yako na najua umbali. Najua pia kwamba lile neno la yaliyopita si ndwele husemwa kirahisi na wasiofiwa. Siombi umwombe radhi, wala siombi umsamehe. Naomba uje, ukae mezani, uishike ndege ile na uipitie kipande kwa kipande, wakati bado ana tundu la ufunguo la kukuonea. Akishaingia gizani utaweza kuja, lakini atakusikia tu.

Nisalimie sana Wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wabusu watoto wote, na yule mkaidi wa viatu mwambie shangazi yake yuko upande wake. Mama Mdogo anakusalimu kwa kikohozi na kwa mapenzi, anauliza kama unakula. Mungu awafunike kwa wema wake, azilinde safari zenu za kutoka na za kurudi, hasa za kurudi.

Salamu za Baba Mdogo safari hii sikuzitunga. Nilimwambia kwamba nakuandikia na kwamba nitakueleza yote. Nilidhani atanikataza. Badala yake akasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie akija, aikague kwa haki, asinionee huruma. Akiona kosa, aseme mbele ya watu kama alivyosema siku ile. Safari hii nitamjibu."

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Sindano