Mama, Nimeihama Nyumba ya Mkonze

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii haitakufikia huko uliko, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka nyumba yetu ya shambani ilivyojaa kila msimu wa Bunge la bajeti? Nyumba ya mawe aliyoiacha mzungu mkulima, vyumba sita na baraza pana. Makarani na madereva waliokosa vyumba mjini walipanga kwako hadi Bunge liahirishwe. Ulisonga ugali wa uwele, ukapika mlenda, mboga ile ya kuteleza. Wa Pwani waliukunjia uso siku ya kwanza, ya pili wakaomba kuongezewa. Ukiwaambia, "Hapa si hotelini, hapa ni kwenu." Nami nikitandika vitanda, nikiamini kuta zile hazitikisiki.

Sasa naziogopa. Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa uani nachambua mchicha, ardhi ikanguruma. Ukuta wa chumba cha kona ukapasuka toka juu hadi chini. Neema, mjukuu wako, alikuwa amelala humo. Nilikimbia hadi mlangoni, Mama, na hapo miguu ikagoma. Nilimsikia akiniita, nikashindwa kuingia. Sijui nilisimama kwa muda gani. Vumbi lilipopungua nikamwona amejikunyata chini ya meza. Ndipo nikaingia, nikamvuta. Tulipofika barazani, ukuta ukaangukia kitanda chake.

Fundi alikuja akazitazama nyufa za kuta zilizobaki. "Mama Neema," akasema, "humu unamlaza mtoto kaburini."

Wewe uliniusia nisiiache nyumba. Mjomba alinikumbusha hilo kwa ukali, "Dada yangu angebaki." Nikamjibu, "Mama hakumwona Neema chini ya meza." Sijawahi kumjibu hivyo.

Tumepanga mjini, Nkuhungu, vyumba viwili. Lori likipita nashtuka, namtafuta mtoto kwa macho. Naogopa kwamba umenikasirikia. Lakini ninachokiogopa zaidi ni zile dakika za mlangoni.

Jana, nikimsuka, Neema aliniuliza, "Mama, nilikuita. Mbona hukuja?"

Nilitaka kumdanganya. Nikasema, "Niliogopa, mwanangu."

Akaegemeza kichwa magotini pangu.

"Hata mimi," akasema.

Pumzika, Mama. Usipotukuta Mkonze, tuko hai.

Binti yako