Majibu Yametumwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumewasha foleni ya ujumbe kwenye kompyuta. Hospitali nzima haikujua kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Zamani mfumo wa maabara uliongea na mfumo wa wodi ana kwa ana, kama watu kwenye simu. Wodi ikizimika, maabara nayo inaganda, wagonjwa wanajazana kwenye mabenchi. Sasa maabara inaacha ujumbe kwenye foleni na kuendelea na shughuli zake. Wodi inauchukua ikipata nafasi, inajibu "nimepokea", basi. Mchana tuliizima seva ya wodi makusudi. Maabara hata haikukohoa. Tulipoiwasha, majibu yote yakaingia kwa zamu. Mkuu wa idara kanipigia makofi mbele ya watu. Nimeona haya.

Jambo moja limebaki. Ujumbe ambao wodi inaukataa kila ukiletwa, tunautoa kwenye foleni usiwazibie wenzake njia. Unawekwa kwenye kapu la pembeni. Nikauliza, hilo kapu ataliangalia nani? Mkuu akasema tutapanga wiki ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi amelazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Miguu imevimba, pumzi fupi. Ndiye aliyenilea — mama simkumbuki hata sura.

Karani wa mapokezi alimuuliza tarehe ya kuzaliwa. "Andika mwaka ule wa mvua nyingi," akamwambia. Karani akacheka, akaiacha nafasi wazi. Nami nikacheka.

Jioni shangazi kaniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana watu wakimuuliza anababaika. Nikamwambia nafanya kompyuta zipelekeane habari. "Umbeya, basi," akasema. Sista wa wodi alicheka mpaka akashika kitanda.

Alhamisi, 6 Machi

Damu wamechukua asubuhi. Mpaka jioni majibu hakuna. Sista anasema skrini yake ni tupu, labda maabara wamezidiwa. Sikutaka ionekane nampigania ndugu yangu. Maabara sikwenda.

Shangazi hana hamu ya kula. Kaniomba nimkate kucha. Nimemkata za mikono. Za miguu kasema kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Amefariki. Asubuhi, kabla sijafika.

Jumapili, 9 Machi

Tulimzika jana. Nyumba imejaa watu, viti vya kuazima mpaka barabarani. Binamu, mwanawe wa pekee, amefika leo kwa basi — hakuwahi hata mazishi. Amekaa kwenye kitanda cha mama yake, viatu mguuni. Akaniuliza: majibu ya damu yalisemaje? Nikamwambia sijui.

"Si unafanya kazi palepale?"



Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa ruhusa ya msiba, lakini nimekwenda. Maabara kwanza. Fundi alilifungua jina la shangazi. Vipimo vilikuwa tayari Alhamisi asubuhi ileile. Potasiamu ilikuwa juu mno, kiasi cha kusimamisha moyo. Pembeni, kwa rangi ya kijani: *Yametumwa*.

Zamani, fundi akaniambia taratibu, majibu kama hayo walimpigia sista simu. Siku hizi hawapigi. Skrini ikisema yametumwa, mtu anaamini yamefika.

Nilijua kabla sijalifungua kapu. Ujumbe wake ulikuwa humo. Sababu: tarehe ya kuzaliwa haipo. Wodi iliukataa, ukaletwa tena, ikaukataa tena, ukatupwa pembeni. Hakuna mashine iliyokosea. Zote zimefanya tulivyoziagiza.

Na hakuwa peke yake. Wamo wengine, wazee watupu, wasiojua walizaliwa lini.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza binamu. Jikoni, anaosha vikombe vya wageni. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza tu, kama mtu anayejifunza.

"Kwa hiyo maabara ilisubiri ijibiwe?"

"Haisubiri. Ndiyo kazi ya foleni — anayetuma asisubiri."

"Na wodi ilijua kuna kitu kinakuja?"

"Haijui mpaka kifike."

"Sasa nani alikuwa anasubiri?"

"Mama yako," nikasema.

Akaendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. Nikachukua kitambaa, nikawa napangusa. 

Jumatano, 12 Machi

Mkuu kaniita. Wakaguzi wanakuja Ijumaa, kapu lisafishwe. Kusafisha maana yake kufuta. Kasema walioondoka hatutawarudisha. Si mtu mbaya, macho yake yalikuwa mekundu. Msibani alikuja, alibeba jeneza.

Nikamwomba turekebishe mfumo wa wodi ukubali tarehe iliyoachwa wazi, kisha jumbe zote zirudishwe kwenye foleni. Akasema familia zitauliza maswali.

Nikasema, ziulize.

Akanifungulia mlango, akasema Ijumaa ni keshokutwa.  

Alhamisi, 13 Machi

Sikufuta. Asubuhi nimerekebisha, nikajaribu kwa ujumbe wa uongo, ukapita. Kisha nikazirudisha jumbe zote.

Majibu ya waliomo wodini yaliingia palepale. Sista akanipigia anahema: haya yametoka wapi? Nikamwambia, mwite daktari kwanza, mengine baadaye. Nikasikia viatu vyake vinakimbia.

Lakini wengine walisharuhusiwa kwenda nyumbani. Wodi imejibu "nimepokea" kwa ajili ya watu ambao hawapo wodini. Mashine imeridhika. Nikachukua simu mwenyewe.

Wa kwanza hapatikani. Wa pili, alipokea mwanamume. Nilipomtaja mgonjwa, akasema: "Baba alishatutoka, dada, tangu Jumamosi." Nikaanza kuomba radhi. Akanipa pole — yeye, mimi.

Wa tatu ni mama mmoja aliyeruhusiwa Jumatatu. Potasiamu yake iko kama ya shangazi. Amepokea binti yake. Nikasema napiga kutoka hospitali, mama yupo? Yupo, kasema, kajipumzisha kidogo chumbani. Nikamwambia aletwe sasa hivi, gari lolote litakalopatikana. Akauliza kuna nini. Nikasema, tafadhali, mwamshe.

Simu kaiweka mezani. Yangu ninayo sikioni, naandika nikisubiri. Nasikia kandambili zake. Mlango. Anaita, "Mama."

Anaita tena.