Jicho la Dagaa Limetoka Nyumbani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumapili

Kwa dada yangu Moza,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea moyoni, maana Tanga si mbali. Vipi magoti? Na yule jirani anayelalamikia moshi wa jiko lako, amehama au amezoea? Sisi huku wazima. Wifi yako Badria anakusalimu na anauliza zile nazi ulizoahidi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Nimefikiri sana. Ningekupigia, ungekata kabla sijafika katikati. Barua haikatiki. Nimempa Maimuna, anayekuja huko harusini, na nimemwomba akae hapo mpaka umalize. Jambo lenyewe linahusu kofia uliyonishonea Idi iliyopita, na linagusa riziki yako. Ila niache nianze mwanzo, maana mwanzo wake ulikuwa mtamu.

Unajua meza yangu ya vifungo na zipu iko kwenye kibaraza cha duka la nyuzi la mzee Umakant. Mwezi wa pili grupu letu la wauza vifaa vya ushonaji lilikufa. Kiongozi wetu alitaniwa kuhusu mpira, akakasirika, akatutoa wote mia na ishirini, na miaka minne ya ushauri ikaondoka naye. Nikawa nalalamika kwa sauti. Alpa, binti wa mzee Umakant, akaniambia kutoka kaunta kwamba kosa ni letu, tulikuwa tunaishi wote kwenye nyumba ya mtu mmoja. Akasema yeye yuko mahali ambapo hakuna mwenye mji.

Nilidhani ananitania. Kumbe yapo mabaraza ya mtandaoni yenye nyumba nyingi. Kila nyumba ina mwenyewe na masharti yake, huyu hataki matusi, yule hataki siasa, lakini nyumba zinasikilizana. Unachagua moja unaishi humo, na ukiwa humo humo unachangia mazungumzo ya nyumba nyingine zote. Mwenye nyumba akikuchosha, unafungasha unahamia kwa mwingine, na wale mliokuwa mnaongea nao bado mnawasiliana. Nilimuuliza kodi inalipwa kwa nani. Akasema hailipwi, watu huchangia wakipenda. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Kariakoo hatujazoea majibu ya namna hiyo.

Nikaingia, dada, na nikakosea mara moja. Nilielewa kwamba nikitaka kuongea na nyumba lazima nijiandikishe humo, basi nikajiandikisha kwenye nyumba tisa na paswedi tisa, nimeziandika kwenye boksi la sindano. Alpa alipoliona boksi alicheka mpaka baba yake akatoka ndani kuuliza nani kafa. Akanifutia nane, akaniachia moja ya watu wa kazi za mikono.

Siku ya pili nikafungiwa. Kisa? Nilikuta mazungumzo sitini na kitu, na kila moja niliingia na salamu. Assalaam aleikum, habari za hapa, poleni na kazi. Kwa kila moja, kama ulivyotulea. Msimamizi wa nyumba akaamini mimi ni mashine ya matangazo. Alpa alinisaidia kumwandikia kwamba sisi huku hatuwakuti watu wamekaa tukaanza tu kuropoka. Akajibu kwamba hajawahi kumfungia mtu kwa sababu ya adabu, anaomba radhi, na kwamba salamu moja kwa mwaka itawatosha. Akanifungulia. Nikaona ni watu wema, ila hawana muda.

Baada ya hapo, Moza, nilisahau hata kula. Mwanamke wa huko kwenye theluji alinieleza kwa nini uzi wetu mweupe unageuka njano. Mzee mmoja anatengeneza vifungo vya pembe ya ng'ombe kwa mkono mmoja, ule mwingine ulikatwa. Badria akasema kama napenda ushonaji kiasi hicho, suruali yangu imechanika tangu Ramadhani.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Kila mtu mle ndani anaonyesha kazi. Mimi nilikuwa mtazamaji tu, muuza zipu. Ikaniuma. Ijumaa moja nilitoka msikitini na ile kofia, nikaivua, nikaipiga picha juu ya kaunta. Nje na ndani. Ndiyo, niliigeuza. Najua mama alisema mtu asiigeuze mbele ya mgeni. Jicho la dagaa, mshono aliokuachia wewe peke yako, ule uliomnyima mfanyabiashara wa Pangani hata kuugusa, niliuweka mbele ya watu ambao sijui ni wangapi.

Walisifu, dada. Wakauliza nani ameshona. Nikaandika kwamba ni mimi.

Nimeliandika hilo kwa sentensi ya peke yake ili usidhani umekosea kusoma. Sijui kushona hata kifungo, na naviuza. Wakauliza imekuwaje pale ubavu unapoungana na juu, vitundu vinaendelea kama hakuna maungio. Nikajibu ni siri ya familia, na hilo ndilo neno la kweli pekee nililoandika wiki ile.

Usiku sikulala. Asubuhi nikaifuta picha nikadhani yamekwisha. Alpa akanikumbusha aliloniambia siku ya kwanza, wakati mimi nashangaa habari ya kodi. Unapoweka kitu kwenye nyumba yako, kila nyumba inayokusoma inachukua nakala yake. Ukifuta, wanatumiwa taarifa wafute, lakini aliyelala hasikii. Nakala zilibaki kwenye nyumba nane. Nimewaandikia wenyewe mmoja mmoja, kwa salamu kamili, wasinielewe shauri yao. Sita wamefuta. Wawili hawajajibu mpaka leo.

Pia niliandika hadharani kwamba nilidanganya, kwamba kofia ni ya dada yangu aliyefunzwa na mama, na kwamba sikuomba ruhusa. Jina lako sikulitaja. Walionitukana wana haki. Nikajifungia mwenyewe, na hiyo haikuhitaji msimamizi.

Kuna jambo moja nataka ulijue, na sikuambii ili unisamehe. Kutokana na nakala zile zilizobaki, watu wawili walijaribu kuiga, wakaonyesha picha za kofia zao. Nimeziangalia kwa kioo cha mzee Umakant cha kukagulia nyuzi. Ubavuni wamepatia, siwezi kukuficha. Kwenye maungio vitundu vinapotea, kofia zote mbili zimekunjika hapo hapo. Sijui kama watapata njia baadaye. Mpaka leo hawajapata, wala picha yangu haikuwapa, kwa sababu haimo kwenye picha, imo mkononi mwako.

Wanaendelea kumuuliza Alpa huyo dada ni nani. Ukitaka jina lako liandikwe ili kazi ijulikane ni ya nani, litaandikwa. Ukitaka lisitajwe, halitatajwa. Safari hii mwenye kuamua si mimi. Mwambie Maimuna, hata kwa neno moja.

Wasalimie watoto na shangazi Sitara. Nitakuja Tanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kwa basi la asubuhi, nitabisha mara tatu. Usipofungua nitakaa kibarazani mpaka basi la jioni, kisha nitarudi Dar, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena.

Mdogo wako mwenye aibu,
Twaha