Mama, Wanakwenda Dubai kwa Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Barua zote nilizowahi kuandika nilizianza kwa kuuliza hali. Hii siwezi. Hali yako naijua, mimi ndiye niliyekuvalisha kwa mara ya mwisho. Nakuletea ya kwangu, nayo si nzuri. Nina kinyaa, Mama. Naamka nacho, nakwenda nacho sokoni, napimia watu vitenge huku kimenikaa hapa kooni, na sina mtu hapa Tunduma wa kumweleza asije akasema nina wivu.

Kaka Ezekia anaipeleka familia Dubai, kwenye bustani ya michezo. Ni mahali pakubwa, hoteli iko mle mle ndani, unatoka kitandani unaingia kwenye bembea. Kuna mabwawa yenye mawimbi ya kutengenezwa na wanasesere wakubwa wanaotembea na kushikana mikono na watoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika mahali kama hapo. Na safari yenyewe wameipa jina. Wanaiita Safari ya Kumuenzi Mama.

Mama mwenyewe ni wewe.

Alituita Jumapili baada ya ibada, mimi na mwanangu Upendo. Nilidhani ni kikao cha kaburi, maana siku ya mazishi tulikubaliana kwamba shule zikifungwa tunakwenda Hasamba ulikozikwa kukujengea, tukuwekee msalaba wa zege badala ya ule wa mbao. Nikabeba na karanga za kutafuna wakati wa mazungumzo. Kufika, tunakuta ile televisheni yao inayoziba ukuta imewashwa, watu wanapiga kelele ndani ya treni inayopinduka kichwa chini. Wifi Stela kavaa miwani ya jua, ndani ya nyumba, anaijaribu.

Kaka akasimama, akakohoa kama mwenyekiti wa kijiji. "Mama alitutaka tuwe kitu kimoja," akasema. "Kwa hiyo shule zikifungwa, tunapanda ndege wote."

Nikauliza, na kaburi je?

Wifi ndiye aliyejibu, macho kayatia kwenye simu. "Wifi yangu, hoteli ukishailipia haibadilishi tarehe. Kaburi halikimbii."

Na Ezekia akacheka. Kidogo tu, kwa pua, lakini nilimsikia. Mtoto wako wa kwanza, Mama, yule uliyekuwa ukimtaja kwenye kila sala kabla hujatutaja sisi wengine.

Halafu wakaleta fulana. Wamechapisha picha yako, ile ya Krismasi uliyovaa kilemba cha njano ukacheka na pengo lako lote. Stela akaivaa pale pale juu ya gauni. Uso wako ukakaa tumboni kwake, ukawa unavutika na kukunjamana kila akihema. "Tutapendeza uwanja wa ndege," akasema. Nikaomba maji ya kunywa, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya sinki nikisubiri nitapike. Sikutapika. Nilirudi nikakaa, wakanipakulia pilau.

Mimi nilikuwa nakumbuka Ivuna. Wewe hukuomba ndege. Ulimwomba mwanao mwenye magari akufikishe kwenu ulikozaliwa, huko huko ndani ya mkoa wetu, ukaone tena wanavyochemsha chumvi, na ukamwone mdogo wako kabla miguu haijakataa kabisa. Ulimwomba mbele yangu, kwa adabu, kama unaomba kwa mtu baki. Akasema, "Mama, ile barabara inaua gari. Subiri kiangazi." Kiangazi kikaja, ukamkumbusha. Akasema ana mizigo imekwama mpakani. Hukumkumbusha tena. Na sasa mtu huyo huyo anajua kila kitu cha Dubai. Anajua mchezo gani una foleni fupi asubuhi, anajua siku gani watu huwa wachache, anajua watoto wanakula bure wakiwa na bangili ya rangi gani. Pasipoti alizifuatilia mwenyewe kwenye ofisi za mkoa kule Vwawa, akasimama juani na watoto. Amejifunza nchi ya watu kama anasomea mtihani. Ya kwenu ilimshinda.

Ngoja nikueleze jinsi nilivyoingizwa kwenye safari hiyo, maana nami nilikuwemo.

Kule mtoto akiwa mfupi hapandishwi kwenye michezo mikubwa. Kwa hiyo wakawapanga watoto ukutani, Ezekia akawapima na rula ya chuma. Wakubwa wake wawili walifika. Upendo alifika pia, kwa kujinyoosha, akaruka juu akapiga kelele mpaka nami nikatabasamu. Brayani, yule kitindamimba wao anayevaa pampasi bado, hakufika hata karibu. Wifi akauliza, "Sasa huyu atabaki na nani sisi tukipanda?" Sebule nzima ikanigeukia. Hakuna aliyesema jina langu. Mimi nikawa natazama sahani yangu.

"Wewe, wifi," akasema Stela, na alilisema kwa upole kabisa, kama ananisifu. "Wewe si umezoea uchafu?"

Umezoea uchafu. Unaikumbuka ile siku aliyokuja kukuona ulipokuwa mgonjwa kwangu? Alisimama mlangoni, kabana pua kwa pindo la kitenge, akaweka machungwa juu ya kiti kwa mkono mmoja, akasema ana haraka. Wewe ulijifanya umelala. Alipotoka ukafumbua jicho moja ukaniambia, "Tabi, fungua dirisha. Ametuachia manukato yake humu." Tulicheka, Mama. Tulicheka mpaka shuka likahitaji kubadilishwa tena, ukasema yale maneno yako ya kila asubuhi, "Nisamehe mwanangu, nimekuchafulia," nami nikakuuliza kama kawaida, mimi nilikuchafulia mara ngapi? Ukasema hukuhesabu.

Nataka ulijue hili, hata kama nadhani uliliona. Mwili wako haukuwahi kunichefua. Kidonda cha mgongoni hakikunichefua, wala beseni, wala siku zile za kuharisha usiku kucha. Nilichoka, ndiyo. Nililia chooni, ndiyo. Lakini kinyaa chenyewe sikukijua mpaka nilipokaa kwenye sofa safi la Ezekia, panaponukia udi, nikasikia mtu anayenukia vizuri akiniambia maneno yale huku uso wako uko tumboni mwake.

Na bado nilinyamaza. Ni kwa sababu ya Upendo. Alishatangaza shule nzima. Alichora ile treni nyuma ya daftari la hesabu, akanichora na mimi nimeketi naye mbele, nywele zimesimama. Alilala na miwani ya kuogelea waliyompa, kaivaa usoni. Nikajiambia, Tabitha, utamshika huyo Brayani, utambadilisha pampasi zake, mwanao atapanda bembea, mtarudi nyumbani. Watu wamevumilia makubwa kuliko hayo.

Basi juma lililopita Wifi akatuita tukajaribishe nguo za kuogelea. Mimi nilikuwa chumbani namfungia binti yake mkubwa kamba za nguo ya kuogelea, Upendo yuko sebuleni. Nikamsikia Stela akimwambia, "Mama yako akichoka, wewe utampokea Brayani. Siku moja moja tu. Nyie wa kwenu mna mkono wa kuhudumia, si kila mtu amejaliwa." Nikatoka. Nikamkuta mwanangu amesimama katikati ya sebule, amevaa nguo mpya ya kuogelea yenye samaki, na mgongoni amebebeshwa begi la pampasi, Stela anamrekebishia mikanda aone kama linamtosha.

Na Upendo akasema, "Sawa, Anti."

Ile sauti, Mama. Ilikuwa sauti yangu. Ndiyo ninayoitumia mimi nikiwa kwao, laini, ya chini, isiyomsumbua mtu. Mtoto wa darasa la tano ameshaijua, na hakuna aliyemfundisha ila mimi.

Nikamvua begi. Nikaliweka juu ya meza yao ya kioo, katikati ya vikombe. Nikasema, "Upendo, vaa gauni lako. Hatuendi." Stela akadhani natania. Akasema, "Wifi, tiketi zimeshatoka." Nikamwambia, basi mpe atakayebeba begi. Nikamfunga mtoto vifungo, tukatoka. Tulitembea mpaka nyumbani kandokando ya foleni ya malori, Upendo analia kwa sauti, madereva wanachungulia, bodaboda mmoja akaniuliza, "Mama, huyo mtoto umemfanyaje?"

Hajanisamehe. "Bibi angeniruhusu!" aliniambia. Inawezekana ni kweli. Wewe ulikuwa unaruhusu.

Jana mchana Ezekia alikuja, peke yake. Hakukaa. Alisimama anautazama mlango wa chumba chako, ambao siku zote zile aliupita kama mlango wa stoo. Nikajiandaa kusikia ukali. Badala yake akasema, polepole, "Tabi, unadhani nilikuwa simpendi? Nilikuwa siwezi kumwona vile."

Nikamuuliza, "Na mimi niliweza?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Kisha akasema, "Wewe ni mwanamke."

Sijui ungefanya nini ungekuwepo. Labda ungemkaribisha chai. Mimi nilitazama viatu vyake, vimeng'arishwa, nikamwambia kwa heri kaka, safari njema. Alipotoka nikakuta ameacha fulana mbili mezani, yangu na ya Upendo. Siwezi kuzivaa. Kuzipigia deki siwezi, kuzitupa siwezi, kwa sababu ni wewe unanicheka pale. Nimezikunja uso ukiwa ndani nikaziweka chini ya vitenge. Hata hilo wamenifanyia, Mama, kwamba picha yako inanitia karaha.

Wameondoka asubuhi hii. Gari limepita hapa barabarani, limepiga honi, mimi nilikuwa nafagia na sikuinua kichwa.

Kesho nakwenda Hasamba. Sikungoja kikao kingine. Wamama wa kwaya wamesema wataimba, fundi wa kule ameshachanganya mchanga na kokoto, na Mayo Chanda, yule mama wa Nakonde, upande wa Zambia, aliyekuwa akinunua mchele wako, ameniambia atavuka mpaka alfajiri aje na mifuko miwili ya simenti kwenye toroli, nisibishane naye. Tutakujengea sisi tuliopo. Wengine watakuta limekauka.

Kitu kimoja nakuahidi, na nimekifikiria sana kabla ya kukiandika. Siku Ezekia akilala kitandani, hawezi kujigeuza, na wa kwake wakawa na haraka zao, nitakwenda. Nitachemsha maji, nitamwogesha, nitambadilisha shuka, na hakuna atakayejua kwa kunitazama usoni kilichomo ndani yangu. Ni mwanao, na kazi yenyewe naijua. Hilo nakupa. Kumpenda, Mama, usiniombe mwaka huu.

Pumzika. Upendo amepita nyuma yangu sasa hivi, hajanisalimia, amekwenda kukaa kwenye ngazi za uani na kunipa mgongo. Naenda kukaa karibu naye mpaka aseme neno, hata kama ni baya.

Mwanao,
Tabitha