Dawa Iliyopitia Kwenye Paja

Kasongo, tarehe 17 Novemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Yvette,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na nimejiahidi kukuambia yote, hata yale ambayo Mama hakuyasema kwenye simu.

Kwanza pokea salamu zangu. Habari za afya yako? Baridi ya Ubelgiji imeshaanza? Sisi tunaendelea. Mama anakula kidogo. Mdogo wangu Malaika anaenda shule. Mimi pia sijambo, ila tangu tumzike Baba sijalia. Kwenye matanga watu walinitazama wakingoja. Nilikuwa naosha sahani.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani huwekwa sauti ya juu ili Koko Ernestine, mama yake Baba, naye asikie. Haya sitaki ayasikie.

Unakumbuka ulivyotueleza kwa simu utafiti wako: kwamba mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ini, kama Baba, hamumpasui tumbo. Munaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa, juu ya paja, munaufuata kwa picha mpaka ndani ya ini, na hapo munaacha dawa na kuziba damu inayolisha uvimbe. Nilifurahi sana. Nilimchorea Malaika njia hiyo kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Mchoro bado upo.

Koko alifurahi kuliko mimi. Kesho yake akamwita Mzee Asani, mtu wa dawa za miti, akaja kwa pikipiki kutoka Kabambare. Siku zote yeye huchanja chale ubavuni, upande wa ini, halafu anapaka dawa. Koko akakataa.

«Hapana, Mzee, paja! Yvette mwenyewe alisema dawa inapita ku paja. Kwani sisi hatuna mapaja?»

Hata Baba alicheka, pamoja na tumbo lake lililojaa maji. «Mama, unataka kuniponyesha ao kunichinja?» Lakini alinyoosha mguu. Alikuwa amechoka kukataa.

Chale zilikuwa ndogo. Damu haikukoma. Tulibadilisha vitambaa mpaka vikaisha, ndipo tukampeleka hospitali kwa pikipiki, Mama amekaa nyuma akimshikilia. Daktari alisema ini likiharibika, damu haigandi vizuri. Walimwongezea damu, na mwishowe chale zikakauka, lakini Baba hakupata nguvu tena. Alikufa Ijumaa ya juma lililopita.

Daktari alituambia pia kwamba uvimbe ulikuwa mkubwa, na hata bila chale asingefika mbali. Nakuandikia hilo makusudi, usije ukajilaumu. Ulieleza vizuri. Koko anafagia kiwanja, akimaliza anaanza tena.

Sasa lile lililobaki. Daktari alisema ugonjwa wa Baba ulianza na hepatiti B, nayo hupita kwa damu. Mama alikuwa analia, hakusikia. Mimi nilisikia. Siku ile ya chale, Koko alitaka watoto wa nyumba nao wakingwe. Baada ya Baba, Mzee Asani alinichanja mimi, kisha Malaika. Wembe ulikuwa mmoja. Aliufuta kwa jani. Yeye ni mtu mpole, alimpa Malaika muwa ili asilie.

Mama sijamwambia. Nikimtazama akila, naacha.

Shuleni sijambo. Mwalimu Théophile anasema nikiendelea hivi katika biolojia nitafika chuo kikuu. Nilitaka kufanya kazi kama yako. Bado nataka.

Barua hii anaibeba Sista Jeannette wa parokia, anayesafiri kwenda Kinshasa. Ataituma kutoka huko. Jibu lako pia lipitie kwake, lisije kwa simu.

Mama anakusalimu sana. Malaika anakusalimu. Koko anauliza kama unakula vizuri. Mungu akulinde, ailinde na mikono yako inapoongoza ule mrija.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda kama siku zote,

Elsa

Nimeshatia jina, lakini swali langu ni hili, nijibu upesi: Malaika ana miaka sita, na chale zake zimeshapona kabisa. Kama damu ya Baba imeingia ndani yetu, je, kuna dawa ya kuuzuia ugonjwa sasa hivi, kabla haujafika pale ambapo hata mrija wako ungechelewa?